VIPI TABIA HUFUNZWA? Somo la mbwa, panya na bakora

Bismillahi Rahmani Rahim.



Mwaka huu tulipofika mlango wa mawindo katika darsa la fiqhi, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza: "Maalim, mbwa ana akili gani hata akamate nyama kisha asiile?" Darasa zima lilicheka. Lakini swali lilikuwa zuri, na jibu nililompa siku ile lilikuwa fupi kwa sababu adhana ya magharibi ilikuwa karibu. Nimeonelea nilijibu hapa kwa urefu, kwani jibu lake halimhusu mbwa peke yake. Linakuhusu wewe unayesoma, na linanihusu mimi ninayefundisha.

1. KUJIFUNZA NI NINI?

Mtakumbuka kwamba katika madhehebu ya Imam Shafii, mbwa wa kuwindia hahesabiwi kuwa amefunzwa mpaka yapatikane mambo manne: akitumwa aende, akizuiwa azuilike, akikamata mnyama asimle, na mambo hayo yajirudie mpaka ijulikane kuwa ndiyo ada yake. Hebu liangalieni hilo la nne. Mbwa akiacha kula mara moja, huenda alikuwa ameshiba. Ni lazima jambo lijirudie ndipo tuseme amefunzwa.

Wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na tabia, wanasema maneno yanayokaribiana na hayo. Kwao, kujifunza ni badiliko la tabia lenye kudumu, linalotokana na mambo ambayo mtu au mnyama ameyapitia. Mtoto kuota meno si kujifunza, hayo ni maumbile. Kupepesa jicho vumbi likiingia si kujifunza pia. Lakini kujikuta unaamka alfajiri kabla ya kuamshwa, au kuogopa mbwa wote kwa sababu mmoja alikuuma, huko ni kujifunza.

Njia za kujifunza ni nyingi, lakini mbili ndizo zilizochunguzwa sana. Ya kwanza tutaiita kujifunza kwa ishara, na ya pili kujifunza kwa matokeo.

2. KUJIFUNZA KWA ISHARA

Ivan Pavlov (1849–1936) alikuwa mtaalamu wa Kirusi aliyechunguza namna chakula kinavyosagwa tumboni, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Katika uchunguzi wake alikuwa akipima mate ya mbwa wanapolishwa. Akaona jambo la ajabu: mbwa waliozoea kazi ile walianza kutoka mate kabla ya chakula kufika. Walitoka mate wakimwona mtumishi anayewalisha, au wakisikia nyayo zake tu.

Pavlov hakulipuuza jambo hilo. Alichukua sauti isiyo na maana yoyote kwa mbwa, kwa mfano mlio wa chombo cha kupimia mapigo ya muziki, akawa anaitoa sauti ile kisha analeta chakula. Baada ya kurudia mara kadhaa, mbwa alitoka mate kwa sauti peke yake. Sauti ambayo jana haikuwa na maana, leo imekuwa ishara ya chakula.

Ziko kanuni tatu za kuzikumbuka hapa.

(a) Kuenea. Mnyama aliyezoea sauti moja huitikia pia sauti zinazofanana nayo. Wazee wetu walisema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Imam Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), alitaja jambo hili hili katika kitabu chake cha usuli, al-Mustasfa. Alieleza kwamba aliyeumwa na nyoka huikimbia kamba yenye madoa, kwa sababu maumivu yalimjia pamoja na sura ile, basi nafsi yake hudhani kuwa kila penye sura ile pana maumivu. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 700 kabla ya Pavlov kuzaliwa.

(b) Kupambanua. Ikiwa sauti moja hufuatiwa na chakula na nyingine haifuatiwi, mbwa hujifunza kuzitofautisha.

(c) Kufifia. Ishara ikija mara nyingi bila chakula, mate hupungua mpaka hukoma. Lakini angalieni: mbwa akipumzishwa kidogo kisha akaisikia tena ishara ile, mate huweza kurudi. Basi kufifia si kufutika. Kilichojifunzwa hulala tu, na kinaweza kuamka.

Katika njia hii mnyama hachagui chochote. Mbwa hakuamua kutoka mate. Mwili wenyewe ndio unaoitikia.

3. KUJIFUNZA KWA MATOKEO

Njia ya pili ni tofauti. Hapa mnyama hufanya kitendo, kisha kinachofuata baada ya kitendo ndicho kinachoamua kama atakirudia.

Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike (1874–1949) alieleza majaribio yake ya kuwafungia paka wenye njaa ndani ya visanduku vilivyokuwa na mlango wa kufunguka kwa kamba au kibao cha kukanyaga. Chakula kilikuwa nje. Mara ya kwanza paka alihangaika, akakwaruza huku na huko, mpaka kwa bahati akagusa pale panapofungua. Aliporudishwa tena na tena, muda wa kuhangaika ulipungua kidogo kidogo, mpaka akawa anafungua mara tu anapoingizwa. Thorndike akaweka kanuni: kitendo kinachofuatiwa na jambo la kuridhisha hupata nguvu, na kinachofuatiwa na jambo la kuudhi hudhoofika. Baadaye, katika miaka ya 1930, yeye mwenyewe aliirekebisha nusu ya pili ya kanuni hiyo, kwa kuwa aliona kuudhi hakudhoofishi kwa kiasi kile kile ambacho kuridhisha hutia nguvu.

B. F. Skinner (1904–1990), naye Mmarekani, aliendeleza kazi hiyo kwa panya na njiwa, na mwaka 1938 akatoa kitabu chake kikubwa cha kwanza juu ya jambo hili. Matokeo ya kitendo tunaweza kuyapanga mafungu manne:

(a) Kuletewa kizuri. Umehifadhi sura vizuri, umesifiwa mbele ya wenzako. Utapenda kuhifadhi tena.

(b) Kuondolewa kibaya. Jua kali linakuchoma, umehamia kivulini, joto limepungua. Kesho utahamia mapema zaidi. Wengi huchanganya fungu hili na adhabu, lakini si adhabu, kwa sababu nalo hutia kitendo nguvu.

(c) Kuletewa kibaya. Umegusa sufuria ya moto, umeungua. Hii ni adhabu, nayo hupunguza kitendo.

(d) Kuondolewa kizuri. Umepigana na mwenzako uwanjani, umetolewa kwenye mpira. Hii pia ni adhabu.

Skinner pia alionyesha kwamba si lazima zawadi ije kila mara. Kitendo kinachopata zawadi mara moja moja, bila kujua itakuja lini, ndicho kigumu zaidi kukiacha. Hiyo ni sababu moja inayomfanya mcheza kamari asitoke. Angekuwa anashindwa kila siku angeacha, lakini ule ushindi mmoja unaokuja ghafla humrudisha mara hamsini nyingine. Vijana wanaobeti kwa simu na wajiangalie hapa.

4. NJIA MBILI KATIKA MNYAMA MMOJA: PANYA WA MOROGORO

Ukitaka kuziona njia zote mbili zikifanya kazi pamoja, huna haja ya kwenda Urusi wala Marekani. Hapa Tanzania, mjini Morogoro, shirika la APOPO lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Panya hao hufunzwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na wengine hufunzwa kunusa makohozi ili kutambua kifua kikuu.

Mafunzo huanza panya angali mdogo, kwa kuzoeshwa watu. Kisha mwalimu hubofya kidude kinacholia "tik" na papo hapo humpa chakula kitamu, kama ndizi iliyopondwa. Tik, chakula. Tik, chakula. Huyo ndiye mbwa wa Pavlov: mlio usio na maana umekuwa ishara ya chakula.

Sasa hufuata Skinner. Panya huwekewa harufu ya baruti, na akisimamisha pua yake juu ya harufu ile husikia tik na kupata chakula. Akisimama penye harufu nyingine hapati kitu. Kazi huongezwa ugumu hatua kwa hatua, mpaka anaweza kutembea juu ya ardhi, anuse, na akwaruze mahali penye bomu. Yeye ni mwepesi, kwa hiyo bomu halilipuki. Mafunzo yote huchukua takriban miezi tisa.

Panya mmoja, Magawa, alizaliwa na kufunzwa Tanzania, kisha akapelekwa Kambodia. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimpa nishani yake ya dhahabu, na alikuwa panya wa kwanza kuipata. Alistaafu mwaka 2021 na kufa Januari 2022, akiwa ameonyesha mabomu na vitu vingine vya kulipuka zaidi ya 100. Kuna watoto wanaotembea kwa miguu miwili leo kwa sababu ya panya yule.

Angalieni jambo moja: katika kazi hii yote chombo cha mwalimu ni mlio mdogo na ndizi.

5. BAKORA YANGU

Sasa nitasimulia jambo ambalo sikulisimulia katika darsa. Nilipoanza kusomesha nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na nilisomesha kama nilivyosomeshwa. Bakora ilikaa kando ya msahafu. Mtoto akikosea mara ya tatu, alipata moja ya mkono.

Alikuwepo mtoto mmoja wa miaka saba hivi, mpole. Siku moja mama yake alikuja akasimama mlangoni. Akaniambia: "Maalim, samahani. Mwanangu kila ikifika alasiri tumbo linamuuma. Siku za mapumziko haliumi." Nikamjibu kuwa huo ni uvivu, na kwamba akimwendekeza ataharibika. Mtoto akaja, nikamwongezea ukali.

Mwaka uliofuata nilijiunga na masomo ya diploma, na katika somo la malezi mwalimu akatueleza habari za Pavlov. Wenzangu waliandika. Mimi nilikaa kimya, kwa sababu nilimwona mtoto yule. Bakora ilikuwa ikimletea maumivu na hofu. Msahafu, mkeka, sauti yangu, hata saa ya alasiri, vyote vilikuja pamoja na bakora siku baada ya siku. Basi vyote vikawa ishara. Tumbo lake lilikuwa linauma kweli. Hakuwa mwongo hata kidogo, kama vile mbwa hakuwa mwongo alipotoka mate. Nilikuwa nikimfundisha kusoma na wakati huo huo nikimfundisha kuuogopa msomo wenyewe, na hili la pili alilihifadhi haraka zaidi.

Nikafikiri tena, nikaona jambo la pili. Kila nilipoinua bakora, darasa lilinyamaza papo hapo. Kelele zilikuwa zinaniudhi, na bakora iliziondoa. Hilo ni fungu (b) hapo juu. Nilidhani mimi ndiye ninayewafunza watoto kwa bakora, kumbe bakora ilikuwa ikinifunza mimi. Iliniletea nafuu ya dakika kumi, nami nikairudia kila siku, na sikuwahi kujiuliza kama kuna aliyesoma vizuri zaidi kwa sababu yake. Adhabu humwambia mtoto nini asifanye mbele ya mwenye fimbo. Haimwonyeshi afanye nini, na fimbo ikiondoka, mara nyingi kitendo hurudi.

6. HOFU ILIYOFUNZWA HUFUNGULIWA VIPI?

Mwaka 1920 nchini Marekani, John Watson na msaidizi wake Rosalie Rayner walimfunza mtoto mchanga, waliyempa jina la Albert, kumwogopa panya mweupe. Kila alipomgusa panya waligonga chuma kwa kishindo nyuma yake. Baada ya muda alilia kwa kumwona panya tu, na hofu ikaenea kwa sungura, mbwa na koti la manyoya. Kisha mtoto akaondoka bila ya kufunguliwa hofu ile. Jaribio hilo linatajwa mpaka leo kama dhulma kwa mtoto, na kwa kanuni za utafiti za sasa halingeruhusiwa.

Lakini mwaka 1924 Mary Cover Jones alieleza kazi ya kinyume chake. Mtoto Peter, wa karibu miaka mitatu, alimwogopa sungura. Jones alimpa chakula anachokipenda, na sungura akawekwa mbali. Siku nyingine akasogezwa kidogo, na nyingine kidogo tena. Mwisho Peter alimpapasa sungura kwa mkono wake. Ishara ya hofu iliunganishwa na jambo jema, polepole, bila ya kumlazimisha.

Nami nilijaribu njia hiyo. Bakora niliitoa chuoni kabisa. Nilimwomba mama amlete mtoto, asisome, akae barazani tu na wenzake, na kashata ilikuwepo. Baada ya siku kadhaa aliingia ndani akasikiliza. Kisha akasoma kwa mwanafunzi mkubwa, si kwangu. Alipokuja kusoma kwangu sauti yake ilitetemeka, nikamwitikia kwa upole hata alipokosea. Siku moja mtu alipita na fimbo ya kuchungia mbuzi, mtoto akarudi nyuma mpaka ukutani. Sikushangaa, kwani nilikwisha kusoma kwamba kilichofifia huweza kuamka. Tukaanza tena hatua mbili nyuma. Ilichukua miezi, lakini alisoma, alhamdulillah, na akamaliza juzuu yake.

Mwingine aliyeacha chuo mwaka ule ule nilimwendea kwao mara mbili. Hakurudi. Nalitaja hili ili mjue kwamba kufunga fundo ni rahisi kuliko kulifungua.

7. MIPAKA YA ELIMU HII

Msije mkadhani kwamba mtu ni mbwa au panya tu. Wataalamu wenyewe wamegundua mipaka.

Kwanza, si kila ishara hushikana na kila jambo. Mwaka 1966 John Garcia na mwenzake walionyesha kwamba panya akiugua baada ya kunywa maji yenye ladha fulani, huiepuka ladha hiyo, lakini haihusishi maradhi na taa au sauti. Maumbile yana sehemu yake.

Pili, mtu hujifunza kwa kutazama. Albert Bandura, katika jaribio la 1961, alionyesha kwamba watoto waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere nao walimpiga, ingawa hakuna aliyewapa zawadi. Basi kaka anayevuta sigara mbele ya mdogo wake anasomesha bila ya kujua.

Tatu, zawadi nayo ina hatari. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani waliwaahidi cheti watoto waliokuwa wakipenda kuchora. Baada ya kupewa cheti, watoto hao walichora kidogo kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Jambo walilolipenda lenyewe liligeuka kazi ya malipo. Kwa hiyo zawadi za mashindano yetu ni nzuri kumwanzisha mtu, lakini anayesoma kwa ajili ya zawadi tu ataacha siku zawadi zitakapokwisha.

Na nne, mbwa hajui kwamba anafunzwa. Wewe unaweza kujua, na ukijua unaweza kujifunza upya.

8. MWANAFUNZI AFANYE NINI?

(a) Chagua mahali pamoja na wakati mmoja wa kudurusu. Baada ya wiki kadhaa mahali penyewe patakuwa ishara, na moyo utatulia ukikaa tu. Usidurusu kitandani, kwani kitanda kilikwisha kuwa ishara ya usingizi.

(b) Simu iweke chumba kingine. Mlio wake umekuwa kwako kama mlio wa Pavlov, na ujumbe mzuri unaokuja mara moja moja ni kama zawadi ya Skinner.

(c) Gawa somo hatua ndogo. Mistari mitatu uliyoiweza inatia nguvu kuliko ukurasa uliokushinda.

(d) Ukikimbia somo gumu, angalia ile nafuu unayoipata. Nafuu hiyo ndiyo inayokufunza kukimbia tena kesho. Rudi kwenye somo japo kwa dakika tano kabla ya kuondoka.

(e) Wakubwa mnaosomesha wadogo, jiulizeni kila siku: leo jina la chuo limeunganishwa na nini katika moyo wa mtoto huyu?

Na wewe uliyeuliza habari za mbwa, jibu lako ni hili: hana akili ya ajabu. Alikuwa na mwalimu mwenye subira, aliyerudia mpaka ikawa ada.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti kati ya kujifunza kwa ishara na kujifunza kwa matokeo, kwa mfano wa nyumbani kwenu.
2. Mwanafunzi anasingizia maumivu ya kichwa, anaruhusiwa kwenda nyumbani, na kesho anasingizia tena. Hilo ni fungu lipi kati ya manne? Toa sababu.
3. Kwa nini mbwa wa Pavlov aliyeacha kutoka mate aliweza kuanza tena?
4. Taja hofu moja uliyonayo. Ilifunzwa vipi, na ungependa kuifungua kwa hatua zipi?

Wabillahi tawfiq.